Shimo Nililosema ni la Choo

Kadzo mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naichukua shikamoo yangu mapema. Kesho utakuwa na mizigo, na machozi ya mamako, na kondakta wa basi anayepiga kelele, na mimi si mtu wa kugombania salamu na kondakta.

Umekwenda kusukwa Magongo, na mamako amekufuata eti akuchagulie mtindo. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na ng'ombe wako Kigali. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa banda lake, na karatasi nimeiweka juu ya ule ubao unaokatia majani ya nepia. Ukiona doa la kijani hapa na pale, ni majani. Machozi yangu mimi hayana rangi.

Mambo ya sweta, ya Biblia, ya kutokula ovyo njiani na ya kutojibizana na walimu, hayo mamako ameshayasema, na kwa ninavyomjua atayasema tena dirishani mpaka basi lianze kwenda. Mimi siyagusi. Nina jambo moja tu, na kabla sijalifikia itabidi nijisifu kidogo. Unanijua, injini yangu haiwaki bila hiyo.

Babako shule aliiacha darasa la sita. Tuliachana kwa amani, hakuna aliyemlilia mwenzake. Aliyenisomesha ni lori. Nimelala Kampala, nimelala Bujumbura, nimelala Lubumbashi nikaamshwa kwa Kifaransa na nikajibu. Nimeomba chai kwa lugha saba na nimetukanwa kwa zaidi ya hizo. Pale Malaba hapakuwa na mama wa kibanda asiyenitengea kiti, na askari wa mizani walikuwa wakiniona kwa mbali wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Miji yote hiyo nimeikanyaga, na niliouhusudu ni mmoja, Kigali, kwa usafi wake. Kule hata jani likianguka unaona kama linaomba radhi.

Hadithi ya jinsi nilivyoachana na lori umeisikia mara nyingi, lakini umeisikia ile ya kuchekesha, ninayowapa wageni. Isikie sasa bila kicheko. Nilikuwa napanda na mzigo wa ngano, nimepita Taru, jua la saa nane. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikauangalia, nikaona unanikosea heshima, nikaupiga ngumi. Ukashuka. Wallahi ulishuka hadi chini kabisa, ukalala kama mtoto aliyechapwa. Nikafurahi, nikafungulia redio, nikaimba. Kufika Maungu injini ikashikana, ikakata pumzi pale pale katikati ya barabara, na moshi mweupe ukapanda mpaka watu wakadhani nimeleta mvua. Tajiri wangu alipokuja hakunitukana. Aliufungua mlango, akaiangalia ile saa ya joto ilivyopasuka kioo, akaniangalia mkono, akasema, "Katana, kumbe ulikuwa unajua." Basi. Hilo neno moja lilinitoa barabarani.

Ndivyo nilivyorudi hapa Mikindani nikanunua ng'ombe. Nikawaambia watu nimechoka na miji mikubwa.

Kigali alizaliwa wewe ukiwa darasa la tano. Mweusi mwenye mabaka meupe. Mamake alikufa akimzaa, na mimi nikasema ndama asiye na mama hatafika Jumapili, tumchinje. Wewe ukaenda kwa Mama Riziki hapo jirani, ukaomba chupa ya mtoto wake, ukarudi ukakaa kwenye mavi ukamnyonyesha. Sikukukataza kwa sababu nilidhani utachoka. Hukuchoka. Alikufuata mpaka lango la shule, na mwalimu wako akatoka akasema mbele ya watoto wote, "Kadzo, mrudishe nduguyo nyumbani, hana sare." Ulirudi ukilia. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaenda kuwasimulia watu Magongo, nikaongeza kwamba alikuwa amebeba begi.

Sasa tuje kwenye mahindi.

Wewe unayajua, lakini nataka uyasome kwa mkono wangu. Kule Changamwe, kwenye magodauni na viwanja vya malori, nafaka humwagika. Inamwagika chini, inanyeshewa, inakanyagwa, inalala. Kina mama wanaifagia, wanaitia kwenye magunia, na watu wa ng'ombe na kuku tunaigombania. Mahindi ya mfagio. Wengine wanayapata kwa kujuana na mfagiaji. Mimi nilijuana na mlinzi, na mwenye godauni, na dereva aliyeyamwaga. Nililetewa hadi mlangoni. Nikatamba mtaa mzima kwamba ng'ombe wa Katana anakula chakula cha meli, kimevuka bahari, nyinyi endeleeni na majani ya mtaroni.

Ukaniambia, "Baba, haya yana kijani."

Nikakwambia, "Kijani ni vitamini."

"Yananuka."

"Hata jibini hunuka, na Wazungu wanakula."

Hayo ndiyo mazungumzo tuliyofanya. Nimeyakumbuka sana wiki hii. Nilikuwa mtu mzima aliyefika Lubumbashi, nabishana na msichana mwenye pua nzima.

Kigali alipoanza kukonda nilimtibu kwa maneno. Nilisema ni joto. Nikasema ni minyoo, nikamnywesha mwarobaini. Nikasema ni kijicho cha majirani, maana ng'ombe wangu alikuwa anang'aa kuliko wake zao. Maziwa yakapungua, ufizi ukapauka halafu ukaingia umanjano, na mimi bado namlisha ukungu kwa bakuli kubwa ili apate nguvu. Wewe ndiye uliyempigia Daktari Mwakio. Hukuniomba ruhusa.

Unakumbuka alivyoingia na mabuti yake, mama wa Kitaita asiye na muda na mtu. Alimchoma Kigali shingoni, akatoa damu, akaitia kwenye kile kichupa chenye kifuniko chekundu. Alikuwa na kazi nyingine Jomvu. Akauliza nani ataifikisha maabara. Nikasema mimi, nani mwingine, mtu aliyefikisha makontena Kongo atashindwa na kichupa. Akasema, "Isitikiswe. Isipigwe jua. Isisimame njiani."

Nikaitia mfuko wa shati. Nikapanda pikipiki, tukarukia kila shimo la barabara ile. Nikasimama Magongo. Nilitaka tu waione. Nikaitoa mfukoni nikaitikisa juani nikawaambia, hii ni damu ya ng'ombe wangu, inakwenda kusomwa na mashine, nyinyi hata damu zenu wenyewe hazijawahi kusomwa. Mzee mmoja akaniuliza, "Katana, siku hizi unachinja kwa chupa?" Wakacheka, nikanunua kahawa, nikakaa. Nilipofika maabara yule bwana wa dirishani aliishika ile chupa akaiinua kwenye mwanga. Akaniuliza, "Mzee, hii umeileta au umeipika?"

Damu ikitikiswa na kupigwa jua chembe zake hupasuka. Yale maji ya njano wanayoyataka hutoka mekundu, na mashine haisomi kitu cha maana. Haya wewe unayajua kunishinda. Mimi nilichojua ni kwamba Kigali alichomwa shingo mara ya pili kwa sababu babako alitaka kunywa kahawa mbele ya watu, na kati ya sindano ile na hii aliendelea kula yale mahindi.

Mara ya pili uliipeleka wewe. Uliomba barafu kwa muuza samaki, ukaifunga kwa gazeti ili chupa isigande, ukaishika wima mapajani njia nzima, hukumsalimia mtu. Bwana wa dirishani alikuruhusu ukae umwangalie. Ukarudi jioni unanieleza jinsi damu inavyoachwa igande, inavyozungushwa kwenye mashine hadi mazito yanakaa chini na maji yanabaki juu, na kwamba ya Kigali yalikuwa ya njano nzito kama mafuta yaliyokaangiwa viazi siku nzima. Ukaniambia ini likiumia chembe zake huvuja, na kile kinachovuja hupimwa kwenye damu. Ukalitaja lile neno, vimeng'enya. Nikakwambia kwa jina hilo hata mimi ningevuja. Hukucheka. Macho yako yalikuwa yamewaka kama ya mtu aliyeona bahari kwa mara ya kwanza, na ndani ya moyo wangu nikajua nimeshakupoteza, unakwenda.

Namba zilikuwa juu sana. Daktari akaja nazo, akaniuliza anakula nini. Nikasema chakula kutoka nje. Wewe ukaingia ghala, ukaburuta gunia, ukalimwaga miguuni pake. Akachuchumaa akanusa, akaniuliza, "Na maziwa mnafanyia nini?"

Nikasema tunauza, tena yana wateja.

Akasema, "Sumu ya ukungu huu inapita kwenye maziwa, Mzee Katana. Nani anakunywa?"

Kabla sijatunga jibu ulikuwa umeshatoka. Ulikwenda kwa Mama Riziki kwanza, kisha mlango kwa mlango, ukawaambia wayamwage. Ulimwambia Mama Riziki, ambaye chupa ya mwanawe ndiyo iliyomkuza huyu ng'ombe, kwamba mwanawe anakunywa sumu ya babako. Kuanzia siku ile jina langu la mtaani ni Ukungu. Nimekwenda miji yote ile kuja kuitwa Ukungu hapa Mikindani. Jana tu mtu amenisalimia, "Ukungu, waonaje?" nikaitikia nzuri.

Sikukupiga. Nilifanya kibaya kuliko kupiga, nilikaa siku nyingi sikukuita jina. Nilikuwa nikitaka chumvi namwambia mamako amwambie "yule". Na jina lako ni la mamangu mzazi. Ulikuwa ukiniamkia nageuza uso, na ulikuwa unarudia tena kesho yake, "Shikamoo baba," kwa sauti ile ile. Siwezi kueleza kwa nini nilifanya hivyo isipokuwa kwamba ulikuwa umesema kweli na watu walikuwa wamesikia.

Basi ukamtibu Kigali. Mahindi yale tukayachoma moto. Ukakata nepia asubuhi na jioni, ukampima chakula, ukamfuata Daktari kwa maswali mpaka akawa anaizima simu. Damu ikachukuliwa tena, na tena. Namba zikaanza kushuka. Ile siku zilipofika chini kabisa, mahali pa ng'ombe mzima, ulikuja unakimbia kutoka stendi umeishika karatasi juu kama bendera. Mamako akapika kuku wa nazi. Mimi nikaenda Magongo kutangaza kwamba mwanangu ameponya ini bila hata cheti, je akipata cheti. Na kwenye maombi yako ya chuo uliandika hivyo hivyo, kwamba unataka kusomea maabara ya mifugo kwa sababu ulimwona ng'ombe wako akirudi kutoka kufa. Walikukubali. Niliisoma ile barua yao mpaka ikachakaa kwenye mikunjo.

Sasa nimefika.

Juzi Daktari Mwakio aliniita ofisini kwake, akasema nije peke yangu. Nikajua ni bili. Nikaingia na utani wangu tayari mdomoni. Akaniwekea karatasi ya ile damu aliyoichukua wiki iliyopita, ile uliyosema ni ya kuagana.

Nikasema, "Namba ziko chini, sivyo?"

"Ziko chini sana."

"Basi tumshukuru Mungu."

Akaniangalia. Akasema, "Wewe ulikuwa dereva. Lori likiwa linavuja oili njia nzima, halafu ukaona limeacha kuvuja, unafanya nini?"

Nikamwambia, "Nashuka natoa kijiti cha oili naangalia."

"Kwa nini usishangilie?"

"Kwa sababu huenda oili imeisha."

Akaniachia hilo neno nililolisema mwenyewe likae pale mezani.

Kadzo, ini la Kigali limeacha kuvuja kwa sababu hakuna tena cha kuvuja. Zile chembe zimekwisha, pamebaki kovu. Kuna namba nyingine kwenye karatasi ile ile ambazo hatukuziangalia kwa sababu tulikuwa tunaimba. Ile protini inayotengenezwa na ini iko chini kabisa, na umanjano wa nyongo uko juu kuliko siku ya kwanza. Daktari anasema naye alichelewa kuzisoma, alifurahi nasi. Amesema hivyo bila kujitetea, na nimempenda kwa hilo.

Kuna mambo matatu lazima niyaandike, na nimeiweka kalamu chini na kuiokota mara nyingi. Mamako anasema nisiyaandike.

Ule uvimbe chini ya taya lake, na kwenye kifua, uliosema ananenepa. Si nyama. Ni maji. Ukibonyeza kidole shimo linabaki. Damu imekuwa nyepesi, imeshindwa kushika maji yake.

Yale mabaka meupe yanayobabuka, uliyomshonea turubai la magunia ukidhani ni jua kali. Jua ni lile lile la siku zote. Ni ini lililoshindwa kusafisha kile kinachotoka kwenye majani, kinakwenda ngozini, jua linakipika. Zile nepia ulizomkatia kwa mikono yako ndizo zilizokuwa zinambabua. Hukukosea. Hakukuwa na kitu kingine cha kumpa.

Na la tatu. Wiki hizi mbili amekuwa akikuwekea paji la uso tumboni na kukuegemea, anasukuma, hataki kukuachia, nawe ulimwambia mamako kwamba anajua unaondoka, anakuaga. Nilisimama hapo mlangoni nikakusikia. Mwanangu, uchafu ambao ini halichuji tena umempanda kichwani. Ukiondoka hapo anasukuma ukuta vivyo hivyo. Hivi ninavyoandika ameuegemea, paji limechubuka. Hakuwa anakuaga. Alikuwa anasukuma ukuta, na wewe ulikuwa umesimama mbele yake.

Ni ukatili kukuandikia hivyo. Nimeandika kwa sababu nitakapokuwa nimekufa nawe umevaa koti jeupe, atakuja mtu dirishani ameshika kichupa na roho yake. Atakuwa na mtoto kama wewe nyumbani. Utaona namba ndogo, na utatamani kumpa atabasamu aondoke. Nakuomba ushuke uangalie kijiti. Mimi niliupiga mshale ngumi.

Lile shimo uliloliona jana nyuma ya banda, ukaniuliza ni la nini, nikakwambia ni la choo kipya, na ukacheka ukasema baba unachimba choo mimi nikiondoka, ulitaka nikose. Nikacheka nawe. Si la choo.

Mchinjaji wa hapo barabarani amenijia mara mbili. Anasema nyama ni nyama, na kwamba akichanganya hakuna atakayejua. Mara ya kwanza nilimfukuza kwa maneno. Mara ya pili nilimfukuza na jembe. Mtaa huu umeshalishwa na Ukungu mara moja, inatosha.

Mpango niliokuwa nao ni huu. Daktari aje na sindano ya kumpumzisha Kigali basi lako likishaondoka. Barua hii ningeichomeka kwenye begi chini ya sweta, ungeikuta chuoni, kwenye kitanda cha chini au cha juu, katikati ya watu usiowajua. Mamako angekwambia kwenye simu Kigali hajambo, mpaka uisome. Niliona ni busara. Nimefika ukurasa huu nikaiona ilivyo. Ni kahawa ya Magongo tena. Ni mimi nimesimama njiani na kitu chako mfukoni, kinaharibika.

Nimeinuka sasa hivi nikampigia Daktari.

Nikamwambia, "Njoo alfajiri. Kabla ya basi."

Akasema, "Si ulisema msichana aondoke kwanza?"

"Nilisema."

Nilisikia mbuzi nyuma yake. Akauliza, "Atakuwepo?"

Nikamwambia sijui, lakini ataulizwa. Akasema kama utakuwepo basi atampasua mbele yako baadaye, akuonyeshe. Amesema ini zima la ng'ombe ni laini, linateleza mkononi. Hili litakuwa dogo na gumu kama soli. Amesema kuna watu wanamaliza masomo na hawajawahi kujua namba wanayoiandika inashikika vipi.

Nitakwambia kitu kimoja cha upande wangu, kisha nikuache. Kila ukinipigia simu kutoka huko bara, utanikuta ninalalamika na kujisifu. Goti linauma, mamako hapiki kama zamani, nilikuwa dereva bora kuliko wote barabara nzima. Ukisikia hivyo kata simu ukasome, niko sawa, bado navuja. Lakini siku ukinipigia ukanikuta mpole, sina neno, kila kitu kizuri, nasema "hatujambo mwanangu, tunashukuru", usifurahi. Usimpikie mtu kuku wa nazi. Panda gari la kwanza uje.

Nasikia sauti yenu njiani. Mamako anacheka na wewe huchekei, kumaanisha wamekuvuta sana nywele. Barua hii siitii kwenye begi. Naiweka mezani chini ya kikombe chako, uisome leo, ukasirike leo, hapa nyumbani, mimi nikiwepo ukitaka mtu wa kunyamazia. Safari hii unayo haki, na nitakuamkia mimi.

Ukiamua kulala mpaka basi, nitamshika kamba mwenyewe, na sitalitaja tena. Ukiamua kuja, usivae viatu vya safari. Gambuti zako nimeziosha, ziko mlangoni, nimezigeuza zielekee bandani.

Mimi babako,
Katana